Sura ya Saba: Wawili Bora wa Mazembe

Mokambo ni mji wa mpakani. Upande wa huku ni eneo la Sakania, mkoa wa Haut-Katanga, na Lubumbashi ndio mji mkuu wake. Upande wa kule ni Zambia, na Mufulira iko karibu kiasi kwamba mama mwenye mzigo wa biashara anaweza kwenda na kurudi kabla jua halijazama. Walamba wanaishi pande zote mbili. Kiswahili cha Katanga na Kibemba vinasikika sokoni kwa wakati mmoja, mara nyingi katika kinywa cha mtu yule yule.

Mji wa namna hii una mashabiki wa namna yake. Mufulira ndiko iliko Mufulira Wanderers, timu iliyomlea Kalusha Bwalya, Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 1988. Lubumbashi ndiko iliko TP Mazembe, yenye mataji matano ya ubingwa wa Afrika. Mtu wa Mokambo amekua akizisikia habari za zote mbili. Kwa hiyo ukianzisha mada ya wachezaji wawili waliocheza pacha vizuri kuliko wote katika historia ya Mazembe, hutasikia orodha ile ile unayoisikia Kamalondo, kule Lubumbashi, wala ile unayoisikia Dar es Salaam. Mkongwe atamtaja Kalala. Kijana atasema Mputu, kisha atakaa kimya akitafuta jina la pili. Mzambia aliyevuka kuja kununua bidhaa atawataja mabeki wawili. Mtanzania, kama yupo dereva wa lori anayesubiri karatasi zake, jibu lake unalijua kabla hajafungua kinywa.

Mimi nina jibu langu, na sura hii nzima ni kulitetea. Lakini mjadala usio na kanuni ni kelele tu, kwa hiyo nianze na kanuni. Wachezaji wawili wakubwa waliovaa jezi moja si lazima wawe pacha. Nataka wawili waliocheza pamoja misimu kadhaa, si wiki mbili. Nataka siku kubwa waliyoiamua wote wawili, mmoja asiwe mtazamaji wa kazi ya mwenzake. Na zaidi ya yote nataka kuona kwamba kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Mtu akikutajia jozi yoyote, mwulize: ukimtoa mmoja, yule aliyebaki anapungukiwa nini? Asipokuwa na jibu, amekutajia majina mawili tu.

Tuanze tangu mwanzo, maana klabu hii ilizaliwa shuleni. Mwaka 1939 watawa Wabenediktini waliokuwa wakiendesha shule ya Institut Saint-Boniface mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, waliunda timu kwa ajili ya vijana wao wakaiita Saint-Georges, mtakatifu msimamizi wa maskauti. Mwaka 1944 ikawa Saint-Paul. Baadaye wachezaji wasiokuwa wa shule walipoingia kwa wingi, wamisionari walijitoa, na timu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi. Heshima ya "Tout Puissant", yaani Mwenye Nguvu Zote, iliongezwa baada ya msimu wa kutofungwa. Jina la Mazembe lilikuja miaka ya sabini, wakati Rais Mobutu alipokuwa akiyafuta majina ya kigeni kwenye miji, mito na vyeti vya watu.

Ilikuwa bado Englebert ilipochukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967. Fainali ilikuwa dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana: sare ya 1–1 Kumasi, sare ya 2–2 Kinshasa, kisha mechi ya tatu ikapangwa kuchezwa Yaoundé na Kotoko haikutokea. Mwaka 1968 ikalitetea kombe hilo kwa kuifunga Étoile Filante ya Togo 5–0 nyumbani, kabla ya kupoteza 4–1 kule Lomé. Hakuna klabu iliyokuwa imewahi kulibakiza kombe hilo kabla yake. Ikafika fainali tena 1969 ikashindwa na Ismaily ya Misri, na 1970 ikashindwa na wale wale Kotoko. Fainali nne kwa miaka minne mfululizo! Anayedhani Mazembe ni timu ya fedha za juzi aisome sentensi hiyo mara mbili.

Katika timu ile majina mawili hayakosekani: Robert Kazadi langoni na Pierre Kalala mbele. Mnamo Januari 1968 wote wawili walikuwa katika timu ya taifa ya Kongo iliyochukua Kombe la Mataifa ya Afrika jijini Addis Ababa. Fainali ilikuwa dhidi ya Ghana, taifa lililokuwa likitisha bara zima wakati ule, na ikamalizika 1–0. Bao hilo moja alilifunga Kalala. Wakongwe wanapowataja Kazadi na Kalala pamoja wana hoja nzito kuliko inavyoonekana. Mechi ya 1–0 ina kazi mbili, kufunga bao na kulilinda, na kila mmoja alikuwa na yake.

Hata hivyo siwapi taji. Mlinda mlango na mshambuliaji wa kati wanasaidiana kama mtu wa zamu ya usiku na mtu wa zamu ya mchana: kila mmoja anaitegemea kazi ya mwenzake, lakini hawaifanyi pamoja. Ninapotafuta pacha natafuta watu wanaotazamana, wanaopeana mpira, wanaofunikana makosa kwa sekunde ile ile. Kazadi na Kalala ni nguzo mbili za nyumba. Nawaheshimu hivyo, na naomba mkongwe asinielewe vibaya.

Kizazi kilichofuata kina jozi ambayo haizungumzwi inavyostahili, nayo ni ya mabeki wa pembeni: Mwepu Ilunga kulia na Mwanza Mukombo kushoto. Walikuwa wa Mazembe, na walikuwa wa timu ya taifa ya Zaire, yaani Kongo ya leo, ya 1974. Mwaka huo huo timu hiyo ilikuwa na Bwanga Tshimen, naye wa Mazembe, aliyetangazwa Mchezaji Bora wa Afrika wa 1973 ingawa alikuwa beki, jambo ambalo waamuzi wa tuzo hawalifanyi mara kwa mara. Machi 1974 Zaire ilikutana na Zambia katika fainali ya Kombe la Mataifa jijini Cairo. Kwa mji kama Mokambo, hiyo ilikuwa fainali ya nyumba moja. Mechi ya kwanza iliisha 2–2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2–0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba wa Vita Club ya Kinshasa, kwa hiyo ndiye anayekumbukwa.

Kisha ikaja Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi. Zaire ilikuwa taifa la kwanza la Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Ilifungwa 2–0 na Scotland, 9–0 na Yugoslavia na 3–0 na Brazil. Katika mechi ya mwisho, Brazil wakijiandaa kupiga mpira wa adhabu, Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali. Dunia ikacheka, na imeendelea kucheka kwa miaka hamsini kana kwamba mtu yule hakuijua sheria. Alikuwa bingwa wa Afrika, na mabeki wa kiwango chake hawafundishwi sheria ya mpira wa adhabu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba ilikuwa hasira: wachezaji hawakuwa wamelipwa walichoahidiwa. Inaniuma kwamba maisha ya mchezaji mzima yamebanwa katika sekunde tano za video, na yale aliyoyafanya pamoja na Mukombo hayatajwi hata mjini mwao. Alifariki mwaka 2015. Katika jedwali langu Mwepu na Mukombo ni wa tatu, na ningewapandisha kama upande wa kulia na upande wa kushoto wa uwanja zingekuwa karibu zaidi.

Baada ya hapo kuna Kombe la Washindi la mwaka 1980, kisha ukame mrefu. Karibu miaka thelathini bila taji la Afrika. Moïse Katumbi alichukua uongozi wa klabu mwaka 1997, fedha zikaja, na katika miaka ya mwanzo ya karne hii akatokea mtu ambaye bila yeye mjadala huu haunogi.

Trésor Mputu Mabi alizaliwa Kinshasa mwaka 1985. Wengi wa Lubumbashi watakuambia ndiye mchezaji mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliovaa jezi nyeusi na nyeupe, nami sina hamu ya kubishana nao. Mwaka 2007 alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2009 aliiongoza timu kuchukua kombe lile kwa mara ya kwanza tangu 1968, mbele ya Heartland ya Nigeria, na mwaka huo huo akatangazwa mchezaji bora wa wale wanaocheza ndani ya bara. Alikuwa na mguso wa kwanza unaomtoa beki kwenye mchezo, na alikuwa na utulivu mbele ya lango.

Sasa nitajie pacha wake. Hapa ndipo kijana wa Mokambo anapokwama, na hakwami kwa kukosa kumbukumbu. Mputu alicheza na wengi, lakini hakuna aliyekuwa wa lazima kwake. Kisha ikaja adhabu. Mwaka 2010, baada ya vurugu dhidi ya mwamuzi kwenye mechi iliyochezwa Kigali, FIFA ilimfungia mwaka mzima, na mwenzake Guy Lusadisu miezi kumi na moja. Mazembe ikaingia katika nusu ya pili ya mwaka ule bila mchezaji wake bora. Na bila yeye ikafanya jambo ambalo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kulifanya.

Mwisho wa Oktoba 2010, katika uwanja wa Kibassa Maliba, Mazembe chini ya kocha Msenegali Lamine N'Diaye iliichapa Espérance ya Tunis 5–0 kwenye fainali ya kwanza. Marudiano yakaisha 1–1. Desemba wakasafiri kwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Wakaifunga Pachuca ya Mexico 1–0. Tarehe 14 Desemba wakakutana na Internacional ya Porto Alegre, bingwa wa Amerika Kusini. Dakika ya 53 Mulota Kabangu akafunga. Dakika ya 85 Alain Kaluyituka akaongeza la pili. Kipa Robert Kidiaba akakaa chini akaruka-ruka kwa makalio uwanja mzima ukimtazama. Tangu shindano hilo lianze, fainali ilikuwa ya Ulaya na Amerika Kusini peke yao. Sasa mmoja wa wenye fainali alitoka Katanga. Siku nne baadaye Inter Milan ya Samuel Eto'o ilishinda 3–0, na hakuna aliyeona aibu.

Kwa hiyo Kabangu na Kaluyituka? Wapo wanaosema mjadala uishie hapo. Bao moja moja, nusu fainali ya dunia, dhidi ya Wabrazili: utataka nini tena? Nami niliwahi kuelemea upande huo. Lakini tazama vizuri. Bao la kuwatoa Pachuca lilifungwa na Mbenza Bedi. Mabao matatu yaliyoipeleka Mazembe fainali yalifungwa na watu watatu tofauti. Nyuma yao alikuwa nahodha Pamphile Mihayo katikati ya uwanja, na Mzambia Given Singuluma akishambulia kutoka pembeni. Uzuri wa timu ya 2010 ni kwamba haikuwa na wawili. Mtu wake mkubwa alikuwa nje, na kazi yake ikagawanywa kwa wengi. Ukiwatoa wawili katika kundi lile na kuwavika taji, unawapunja wengine. Naiita timu bora kabisa katika historia ya klabu, na kwa sababu hiyo hiyo siichagulii pacha.

Sasa ni zamu ya Mzambia wetu na mabeki wake wawili, na hapa Mokambo ina haki ya kusema kwa sauti.

Stoppila Sunzu alizaliwa Chililabombwe, mji wa migodi ulioko ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Msomaji wa Tanzania huenda anamkumbuka ndugu yake, Felix, aliyecheza Simba. Hichani Himoonde alicheza beki wa kati pembeni yake. Sunzu alikuwa mrefu, mwenye nguvu hewani, mwepesi wa kupanda mbele kwenye kona. Himoonde alikuwa wa kubaki, wa kusoma hatari na kuifuta kabla haijawa hatari. Wakafanya kazi pamoja Mazembe wiki hadi wiki, na mapema mwaka 2012 kocha wa Zambia, Hervé Renard, akawa nao tayari wamekwisha kuelewana bila yeye kufanya kazi ya ziada.

Fikiria hesabu hii. Katika Kombe la Mataifa la 2012 Zambia ilifungwa mabao matatu tu katika mechi sita, moja na Senegal na mawili na Libya. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Equatorial Guinea, bila. Sudan, bila, na Sunzu mwenyewe akafunga kwa kichwa. Ghana katika nusu fainali, bila. Fainali ilichezwa Libreville tarehe 12 Februari, mji ambao karibu yake ndege ya timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini mwaka 1993 na kuua wote waliokuwemo. Wapinzani walikuwa Côte d'Ivoire ya Didier Drogba, Yaya Touré na Gervinho. Dakika mia moja na ishirini, bila. Drogba alikosa penalti ndani ya mchezo. Kwenye mikwaju ya mwisho Kolo Touré akakosa, na Rainford Kalaba, naye wa Mazembe, akawa na nafasi ya kumaliza kazi akapaisha juu. Gervinho akakosa. Sunzu akaweka mpira, akapiga, ikawa 8–7, na Zambia ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza.

Watu watatu wa Mazembe walikuwa uwanjani usiku ule. Ukiwa Mokambo, unaelewa kwa nini pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kushangilia. Kombe lilikwenda Lusaka, lakini mazoezi ya kila siku yaliyoujenga ukuta ule yalifanyika Lubumbashi, na mshahara ulilipwa Lubumbashi.

Kama ningekuwa nachagua wawili walioelewana kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Mazembe, ningeandika Sunzu na Himoonde na kufunga sura. Kinachonizuia ni kwamba siku yao kubwa hawakuvaa jezi hiyo. Wakiwa na Mazembe, Espérance iliwatoa kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2012, na Sfaxien ikawashinda kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2013. Mwanzoni mwa 2014 Sunzu alikwenda Sochaux, Ufaransa. Swali letu ni la historia ya klabu, na siku ya ushindi wao mkubwa zaidi haikuwa ya klabu. Ni wa pili, na pengo kati yao na wa kwanza ni dogo sana.

Nimesogea karibu na jibu la dereva wa lori.

Mwaka 2011 Mazembe, bingwa mtetezi, ilikutana na Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa na kuitoa. Simba ikakata rufaa kwamba Janvier Bokungu hakustahili kucheza kwa kuwa mkataba wake na Espérance haukuwa umevunjwa kihalali. CAF ikakubali, Mazembe ikafukuzwa kwenye mashindano. Lakini katika mechi zile viongozi wa Lubumbashi walikuwa wamemwona kijana wa Simba aliyekuwa hajafikisha hata miaka kumi na tisa, Mbwana Samatta, aliyepitia African Lyon. Wakamnunua pamoja na Mganda Patrick Ochan. Klabu iliyoondolewa kwa rufaa ya Simba ikaondoka na hazina ya Simba. Mwaka huo huo akaja Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, mzaliwa wa Dodoma, aliyewahi kupita Sweden.

Samatta na Ulimwengu ni jozi iliyo moyoni mwa Watanzania, na ina kila sababu. Walikuja vijana, wakakuta mji unaozungumza Kiswahili, ingawa si cha Mbagala ya Dar es Salaam, wakakaa pamoja karibu miaka mitano. Wakachukua ubingwa wa Afrika pamoja. Ulimwengu alikuwa na mbio na kifua, akimsukuma beki kuelekea lango lake mwenyewe, na kazi hiyo ilimfungulia Samatta nafasi nyingi. Sisemi alikuwa mdogo. Nasema alipokosekana, Samatta aliendelea kufunga. Jozi hii ni ya udugu, nami nauthamini udugu huo, lakini kanuni niliyoweka juu inaniamuru nimtafute mtu mwingine pembeni ya Samatta.

Mtu huyo ni Kalaba. Mzaliwa wa Kitwe, 1986, aliyepita Ureno kabla ya kufika Lubumbashi. Mfupi, mwepesi, miguu miwili, mtu wa kupokea mpira mahali penye msongamano na kutoka nao akiwa ameinua kichwa. Samatta alikuwa mmaliziaji: akijua kukimbia nyuma ya beki wakati ambao beki anautazama mpira. Mmoja alihitaji mtu wa kumkimbilia mbele, mwingine alihitaji mtu wa kumwona. Hivyo ndivyo ninavyolielewa neno pacha.

Wala hawakupewa kwa urahisi. Waliipata nusu fainali ya 2012 wakashindwa. Waliipata fainali ya 2013 katika kombe la pili kwa ukubwa wakashindwa. Mwaka 2014 walitolewa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Vita Club, ndugu zao wa Kinshasa, jambo ambalo Lubumbashi halisameheki kirahisi. Klabu nyingi zingekuwa zimewauza. Patrice Carteron, kocha Mfaransa, akawabakiza kama kiini cha timu, na mwaka 2015 ukawa mwaka wao.

Fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa ilichezwa Algiers tarehe 31 Oktoba, kwenye uwanja mdogo wa Bologhine ambao mashabiki wake wanakaa karibu na mstari na hawanyamazi. Mazembe iliwashinda wenyeji 2–1. La kwanza, dakika ya 27: Kalaba. La pili, penalti ya dakika ya 79: Samatta. Mzambia na Mtanzania, wakiifungia timu ya Kongo kwenye pwani ya Mediterania. Marudiano tarehe 8 Novemba, Kamalondo, katika uwanja wa klabu wenyewe uliofunguliwa 2011, Samatta akafunga penalti nyingine na Mwivory Roger Assalé akaweka la pili. Jumla 4–1. Samatta akamaliza mashindano akiwa na mabao 7, akilingana na Bakri Al-Madina wa Merreikh kileleni. Januari 2016 jijini Abuja akakabidhiwa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kuipata. Mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji.

Mpinzani wangu ana hoja mbili na zote ni za kweli. Ya kwanza: Desemba 2015 kwenye Kombe la Dunia la Klabu huko Japani, Mazembe ilifungwa 3–0 na Sanfrecce Hiroshima, kisha 2–1 na Club América, bao la pekee likiwa la Kalaba. Kabangu na Kaluyituka walifika walipofika, hawa hawakufika. Nakubali. Lakini ile ya 2010 nimekwisha kusema ilikuwa kazi ya timu, si ya wawili.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Samatta alipoondoka, Mazembe haikuanguka. Mwaka 2016 ilichukua Kombe la Shirikisho kwa kuifunga MO Béjaïa ya Algeria 4–1 Kamalondo baada ya sare ya 1–1, na mabao mawili kati ya manne yalikuwa ya Kalaba. Mwaka huo Kalaba aliingia katika watatu wa mwisho wa tuzo ile ile aliyoishinda mwenzake, akiwa na Khama Billiat na mshindi, kipa wa Uganda Denis Onyango. Basi, atasema mpinzani, umemtoa mmoja na aliyebaki hajapungukiwa kitu. Kanuni yako mwenyewe imekuumbua.

Jibu langu ni hili. Kombe la 2016 lilikuwa la Shirikisho, kwa sababu Mazembe ilikuwa imeshindwa kubaki kwenye Ligi ya Mabingwa mwaka ule ule Samatta alipoondoka. Kalaba alipanda akafunga mwenyewe kwa sababu yule ambaye yeye alikuwa akimlisha mipira hakuwepo tena. Alibadilika kutoka mtu wa pasi ya mwisho kuwa mtu wa bao, na hiyo ni sifa kubwa kwake, lakini pia ni kipimo cha pengo. Tangu Januari 2016 hadi Kalaba anaondoka klabuni, Mazembe haikulirudisha Kombe la Ligi ya Mabingwa. Walipokuwa wawili walilipata. Alipobaki mmoja, pamoja na ubora wake wote, alipata la pili kwa ukubwa. Tofauti kati ya makombe hayo mawili ndiyo ukubwa wa jozi hii.

Najua Lubumbashi haitapenda kwamba mtaalamu wa mada hii anampa taji mgeni na mgeni mwenzake, na kumwacha Mputu pembeni, na Kalala, na mabeki wa 1974. Lakini klabu iliyoanzia katika ua wa shule ya mapadri ilikua kwa kuwapokea waliotoka nje ya ua huo, na kama isingefanya hivyo ingebaki timu ya parokia. Kitwe na Dar es Salaam zimeilipa vizuri.

Basi ukipita Mokambo na ukakuta mjadala huu unaendelea, na hukosi kuukuta, unaweza kuwaambia nimeandika hivi: wa kwanza, Rainford Kalaba na Mbwana Samatta, wa pili, Stoppila Sunzu na Hichani Himoonde, wa tatu, Mwepu Ilunga na Mwanza Mukombo. Mwenye orodha nyingine aje nayo, mradi awe tayari kujibu akiulizwa nini kinapungua akimtoa mmoja.